Nilivyoifunga Barabara Kuu kwa Fimbo

Leo nimeifunga barabara kuu ya kwenda Dar es Salaam. Peke yangu. Sikuangusha lori wala sikuandamana na mtu. Nilikuwa na fimbo.

Naomba msome mpaka mwisho kabla hamjaanza kutumiana, maana najua tayari kuna video inazunguka huko. Yule mwanaume mwenye shati la kola juu na kaptula ya mazoezi chini ni mimi. (Kamera ya kikao inaonyesha kifua tu. Kaptula haikuwa na neno mpaka nilipolazimika kusimama.)

Kwa msionijua vizuri: kazi yangu ni kubuni mifumo ya ishara za reli. Yaani zile taa na mitambo inayomwambia dereva wa treni asimame au aende, ili treni mbili zisikutane uso kwa uso. Reli yenyewe haiko hapa. Iko Ulaya, kwenye milima ya mvua na kondoo, na mimi naichora nikiwa Mbeya, kwenye ofisi iliyo juu ya duka la pembejeo. Tuko wawili, mimi na mwenzangu Gwakisa. Majirani zangu wa Iyunga hawajawahi kuelewa. Treni ikipiga honi huko stesheni wananiambia, "Injinia, unaitwa kazini." Nimeshachoka kueleza. Siku hizi naitika tu.

Sasa leo ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Mchana nilitakiwa kuwaeleza wenye reli mchoro wangu wa kipande kimoja cha mlimani, kwa njia ya video. Wakiukubali, mimi ndiye ningeongoza awamu ya pili ya mradi. Mimi, sio Gwakisa. Nilikuwa nimeshamwambia mke wangu. Nilikuwa nimeshawaambia na wanakwaya wenzangu. (Hawakuuliza.)

Kipande chenyewe kina reli moja tu. Treni zinazopanda na zinazoshuka zinapita hapo hapo. Mtandao wa simu hakuna, kwa hiyo wenye reli waliamua wabaki na utaratibu wa tangu enzi za mababu zao: dereva anapewa kijiti cha chuma kwenye stesheni ya kwanza, anakwenda nacho, anakikabidhi stesheni ya pili. Kijiti kikiwa njiani hakuna treni nyingine inayoingia. Kijiti kimoja, treni moja. Hata mtoto wa chekechea anaelewa.

Katikati ya kipande hicho kuna reli ya pembeni inayoingia kwenye kiwanda cha mbao. Mkuu wa usalama wa reli, mzee mmoja anaitwa Henrik, aliniuliza wiki iliyopita: je, dereva akikatia huko kiwandani na kijiti chake, akakaa? Si reli nzima itabaki imefungwa? Alitaka niweke mtambo mwingine pale pembeni wa kupokelea kijiti. Mimi sikutaka. Mtambo huo ungenilazimu kuchora upya nusu ya kazi. Nikamjibu kwa maandishi, kwa Kiingereza cha kujiamini sana: dereva mwenye akili timamu hawezi kufanya hivyo.

Hayo maneno muyashike.

Mipango yangu ilikuwa nikae ofisini, nivae shati, ninywe chai, nishinde. Mke wangu alikuwa na mipango yake. Mama yake alikuja kwetu kumsaidia kulea baada ya mtoto wetu wa pili kuzaliwa, akakaa, akamaliza kazi iliyomleta, na leo alitaka kurudi kwake Ilula. "Mama hapandi basi," mke wangu akasema. Nikamwambia nina kikao kikubwa. Akasema, "Kikao si kwenye simu? Na simu si inatembea?"

Tukaondoka Mbeya alfajiri, mimi mbele, mama mkwe nyuma na parachichi zake, magoti yake na baraka zake. Kwa hesabu zangu tungefika Ilula mapema, nioge, nivae suruali, nikae sebuleni kwa wakwe nionekane mtu. Lakini mama alitaka tupite Mafinga kumsalimia dada yake. Mimi ni Mnyakyusa, sisi tukisalimiana tunamaliza. Wahehe wakisema "kamwene" ndiyo kwanza wanafungua mlango. Waliulizana habari za watu, za ng'ombe, za mahindi, za watu waliokwisha kufa. Nilisimama pale nikitabasamu mpaka mashavu yakauma, maana mkwe hamharakishi mama mkwe. Hilo kwetu sote ni sheria.

Tulipoupita mji wa Iringa muda wa kikao ulikuwa umekaribia sana. Nikavaa shati la kola juu ya fulana hapo hapo kwenye usukani. Nikaweka spika za masikioni. Halafu nikageuka nikasema kwa adabu zote: "Mama, naomba unisamehe. Kuanzia sasa niko kazini. Naomba nisisemeshwe kabisa mpaka nimalize."

"Sawa, baba Upendo," akasema. Akafunga mdomo. Yule mama akisema sawa, ni sawa.

Mbele yetu barabara inatengenezwa. Wamechimba upande mmoja kwenye bonde, umebaki upande mmoja wa kupita, na kona haziruhusu wa huku wawaone wa kule. Magari yanapita kwa zamu. Mwanzoni mwa kipande amesimama dada mwenye kizibao cha njano na bendera. Tulisubiri. Mimi nilikuwa nafanya mazoezi ya hotuba yangu kwa sauti. Zamu yetu ilipofika magari yakaanza kwenda, nami nilikuwa wa mwisho. Yule dada akanisimamisha, akainama dirishani, akanipa fimbo. Fimbo ya kawaida, imepakwa rangi nyekundu, imefungwa kitambaa kichwani. Akasema kitu. Nilimwona mdomo ukicheza. Masikioni mwangu nilikuwa nasikia muziki wa kusubirishia kikao. Nikaitikia kwa kichwa kama mbunge, nikasema asante sana dada, nikapokea fimbo, nikampa mama mkwe nyuma.

"Mama, nishikie," nikasema.

Akaishika. Hakusema neno. Nilikuwa nimemwomba.

Ndugu zangu, mimi nimesomea vijiti. Nimeandika kurasa na kurasa kuhusu vijiti. Nimepewa kijiti mkononi, kwenye njia ya gari moja, na mimi ndiye wa mwisho, nikakiona ni ukarimu wa watu wa Iringa. Sijui nilifikiri ni nini. Nadhani nilifikiri ni zawadi ya mradi wa barabara. Najichukia kuandika sentensi hiyo.

Katikati ya bonde kuna mgahawa, na juu yake kwenye kilima kuna mnara wa simu. Nikaangalia simu: mtandao umejaa. Kikao kinafunguliwa. Nikaona Mungu ni mwema. Nikakata kona, nikaingia, nikazunguka nyuma ya jengo nikaegesha kivulini ili mama asipate joto. Nilikuwa mwangalifu hata niliegesha gari likitazama nje. Magari mengine ya zamu yetu yakaendelea zake. Fimbo ikabaki na sisi.

Nikakaa ndani kwenye meza ya pembeni, spika za masikioni nikazitoa, simu nikaiegemeza kwenye chupa ya pilipili, nikaweka ile picha bandia ya rafu za vitabu nyuma yangu. Mama mkwe nikamwagizia chai na chapati meza ya pili. Kwenye kioo wakatokea: Henrik, wenzake watatu wenye sura za baridi, na Gwakisa akiwa ofisini Mbeya, katulia kama kawaida yake.

Nikaanza. Jamani, niliongea vizuri. Hata kama sasa hivi mnanicheka, mjue niliongea vizuri. Nilieleza stesheni ya chini, nikaeleza stesheni ya juu, nikaeleza jinsi mitambo miwili inavyokataa kutoa kijiti cha pili kabla cha kwanza hakijarudi. Wale watatu walikuwa wanaitikia kwa vichwa. Nikaanza kujiona kwenye awamu ya pili. Nilikuwa nimeshachagua kiti.

Nje honi zikaanza.

Kwanza moja, mbali, upande wa Ilula. Halafu nyingine upande wa Iringa. Halafu zikajibizana. Mmoja wa wale wenye sura za baridi akauliza ni kelele gani. Nikasema ni harusi. Nikaongeza kwamba huku kwetu watu wanapenda sana harusi. Gwakisa akakunja uso kidogo. Leo ni Jumanne.

Henrik hakujali honi. Alikuwa na lake. "Turudi kwenye reli ya pembeni," akasema. "Bado sijaridhika. Nieleze tena kwa nini unaamini dereva hatakatia pale na kijiti."

Nikatabasamu. Nilikuwa nimeshajiandaa. Nikamwambia kwamba kijiti ni kitu unachokishika kwa mkono. Kwamba mtu hawezi kushika kitu kama hicho akasahau maana yake. Kwamba dereva anajua nyuma yake na mbele yake watu wanamsubiri. Nikasema, na hili nalikumbuka neno kwa neno, "Hilo lingehitaji uzembe ambao katika kazi yangu sijawahi kuuona."

Mama mkwe akapita nyuma yangu akienda uani. Magoti yanamsumbua, kwa hiyo alikuwa anatembelea ile fimbo. Sasa ile picha ya rafu za vitabu ina tabia ya kukata watu vipande. Kwenye kioo nikaona kitambaa chekundu na fimbo nyekundu zikitembea zenyewe katikati ya vitabu, bila mama.

"Samahani," Henrik akasema. "Hicho ni nini nyuma yako?"

"Mkongojo," nikasema. "Mama mkwe wangu ni mtu mzima."

"Una kitambaa chekundu."

"Ni mapambo," nikasema. (Harusi, mapambo. Angalau uongo wangu ulikuwa unafuatana.)

Hapo mlango ukapigwa teke. Akaingia kijana wa bodaboda, kizibao kimejaa vumbi, anahema, macho yamemtoka. Akaona kaptula yangu, akaona shati langu, akaona mama mkwe anarudi kutoka uani. Akaiona fimbo.

"Hii hapa!" akapiga kelele kuelekea nje. "Ipo hapa! Wapo hai, wanakunywa chai!"

Nikaambiwa baadaye kwamba walikuwa wananitafuta korongoni. Yule dada wa bendera alimpigia mwenzake wa upande wa pili kwamba gari la mwisho ni jeupe na lina mama nyuma. Mwenzake akasubiri, gari halikufika. Akasubiri tena. Fimbo haijafika, hawezi kuruhusu mtu, na huku nyuma yule dada naye hawezi. Wakaamini tumetumbukia. Walimtuma yule bodaboda akague korongo lote, na abiria wa basi moja walikuwa wameshaanza kutuombea.

Wakaingia. Sijui walitoka wapi wote wale. Konda wa basi. Madereva wa malori. Mwanaume mmoja mnene mwenye lori la nyanya, huyo sitamsahau. Nikajaribu kuzima kamera, kidole kikagusa pengine, ile picha ya vitabu ikaondoka. Sasa Ulaya nzima inaona mgahawa, watu na chapati.

"Nani mwenye fimbo?" akauliza yule wa nyanya.

Wote wakamtazama mama mkwe. Mama mkwe akanitazama mimi.

"Ni ya mkwe wangu huyu," akasema. "Alipewa na yule binti wa bendera."

"Kaka," yule mwanaume akaniambia, na alikuwa mpole, hilo ndilo lililoniuma zaidi, "umeambiwa wewe ndiye wa mwisho, umpe wa kule mbele. Sisi nyanya zetu zinapikika humo barabarani. Wewe umekuja kukaa?"

"Nilikuwa kwenye kikao," nikasema.

"Kikao cha nini?" akauliza konda. "Mwenyekiti wa kijiji?"

Watu wakacheka. Ningeweza kunusurika bado. Wazungu hawajui Kiswahili. Ningesema ni ndugu wa bwana harusi. Lakini kwenye simu, kwa Kiingereza safi, polepole, bila kuombwa na mtu, Gwakisa akaanza kutafsiri.

"Wanasema barabara ina kipande cha gari moja," akasema Gwakisa. "Wanasema gari la mwisho hupewa kijiti. Wanasema alipewa yeye. Wanasema alikatia pembeni nacho. Barabara imefungwa pande zote mbili. Huyo mwenye shati la bluu anasema nyanya zake zinaharibika. Huyo mwembamba anauliza kama yeye ni mwenyekiti wa kijiji."

Konda aligeuka kuitazama simu, maana alisikia sauti yake inarudi kwa Kiingereza.

Henrik akasogea karibu na kamera mpaka nikaona nywele za pua. "Naomba nikione," akasema.

Nikamwomba mama mkwe fimbo. Nikaiinua mbele ya simu. Sijawahi kushika kitu kizito kama kile.

"Kwa hiyo dereva alikuwa na kijiti," Henrik akasema.

"Ndiyo."

"Akaingia pembeni nacho."

"Ndiyo."

"Kwa sababu gani?"

"Alikuwa na kikao."

"Kikao gani?"

"Hiki."

"Cha kueleza nini?"

Watu wa mgahawani walikuwa wanamsubiri Gwakisa awatafsirie na wao, na Gwakisa, Mungu amlipe anavyostahili, akawatafsiria.

"Cha kueleza," nikasema, "kwamba hawezi kuingia."

Wale watatu wenye sura za baridi walicheka mpaka mmoja akatoka kwenye kioo. Mgahawa ulicheka sekunde chache baadaye, tafsiri ilipofika. Henrik hakucheka. Aliandika kitu, akanishukuru kwa maonyesho, akasema hajawahi kuona hatari ikielezwa vizuri kiasi kile. Halafu kikao kikakatika. Ndipo nilipolazimika kusimama mbele ya simu za watu, na kaptula ikaingia kwenye historia.

Nikageuka kwa mama mkwe. Niliumia, sitaki kuficha. "Mama," nikasema, "ulimsikia yule dada. Kwa nini hukuniambia?"

"Ulisema usisemeshwe, baba Upendo," akasema, bado anatafuna. "Na mimi nikasema moyoni, huyu ndiye mwenye mambo ya treni na vijiti. Atajua."

Nikalipia chai na chapati.

Wakanisindikiza. Bodaboda mbele kama msafara wa kiongozi, mimi nafuata, mama mkwe nyuma amenyoosha fimbo nje ya dirisha ili kila mtu aione. Upande wa pili foleni ilikuwa imepanda kilima na kupotea. Watu wameshuka, wengine wamekaa kwenye majani wanakula miwa. Walipoiona fimbo wakapiga makofi. Makofi yale, mtu mzima akipigiwa, anatamani ardhi ipasuke. Mwanamke mmoja kutoka Ruaha Mbuyuni, kakaa juu ya viroba vya vitunguu, akaniuliza kwa upole kama nimepona. Nikamwambia nimepona. Akasema, "Basi nenda kaombe radhi." Nikashuka na kaptula yangu nikamkabidhi fimbo mzee wa bendera. Alinitazama kuanzia chini mpaka juu, akaipokea, akaigeuza bendera yake. Malori yakaanza kunguruma. Kila lililonipita lilipiga honi, na ninajua kwamba hazikuwa za harusi.

Sasa niko Ilula, sebuleni kwa wakwe, nimevaa suruali. Mama ameshawasimulia. Baba mkwe ni mtu wa heshima sana, kwa hiyo alitoka nje kwenda kucheka, akarudi na kikohozi. Wanaendelea kuja majirani kunisalimia, na safari hii wanazifupisha salamu ili wafike kwenye habari yenyewe.

Jibu limekuja jioni hii. Mchoro umerudishwa. Pale kiwandani uwekwe mtambo wa kupokelea kijiti, na nusu ya kazi ichorwe upya, na mchoraji ni mimi. Kwenye orodha yao ya hatari wameongeza mstari mpya: dereva kuingia pembeni kwa ajili ya kikao. Wamesema kikao cha leo kilirekodiwa na kitatumika kuwafundishia wahandisi wapya. Na awamu ya pili itaongozwa na Gwakisa. Wamemsifu kwa utulivu, na kwa mawasiliano mazuri.

Nilimpigia kumpongeza. Nilitaka nimtukane, lakini ni bosi wangu. Akaniambia pole, akasema tuanze Alhamisi, akaniuliza mama amefika salama. Nikamwuliza, "Gwakisa, kwa nini ulitafsiri?" Akasema, "Walikuwa wanaongea, ndugu yangu. Na wale hawaelewi Kiswahili."

Basi, naomba msicheke. Na anayeshindwa kabisa, acheke bila kuandika kitu chochote hapa chini, kwa sababu Gwakisa yumo humu na Henrik kaniomba niwe rafiki yake.